Nani Analipia Peva za Getini?

Mwulize mwenye nyumba yeyote wa Kampala kuweka peva mbele ya geti kunagharimu kiasi gani. Atakutajia bei ya mita moja ya mraba, na kwake hesabu imekwisha. Mimi nasema haijaanza. Bei hiyo ni ya matofali na kuyapanga tu, na hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi nzima. Sehemu ghali iko chini ya ardhi. Mwenye nyumba asipoilipia huteremka na maji ya mvua mpaka kwa mtu asiye na geti wala gari.

Tuelewane kwanza kuhusu kitu chenyewe. Peva ni yale matofali madogo ya zege yanayopangwa juu ya mchanga bila kuunganishwa kwa saruji. Wakenya huyaita kabro. Nazungumzia kile kipande cha kati ya geti na lami, ambacho mafundi wengine hukiita aproni. Ni kidogo. Tuseme upana wake ni mita 4, na kutoka getini hadi barabarani ni mita 3: mita za mraba 12. Tofali la sentimita 20 kwa 10 huingia mara 50 katika mita moja ya mraba, kwa hiyo yanahitajika 600, pamoja na ya akiba kwa yale yatakayovunjika wakati wa kukata. Lori linaleta, jioni yamepangwa, picha zinapigwa.

Sasa tazama kilichorukwa. Tofali lina unene wa sentimita 6. Chini yake panatakiwa mchanga wa sentimita 3 hadi 5, na chini ya mchanga marramu au kokoto iliyoshindiliwa, sentimita 15 au 20. Maana yake ni kuchimba karibu mita 3 za ujazo za udongo mwekundu, kuubeba na kuutupa mahali, kuleta kokoto badala yake, kukodi mashine ya kushindilia, kisha kumwaga ukingo wa zege ili matofali yasitawanyike. Hata kifusi kina bei. Hakuna kimoja kati ya hivi kinachotajwa katika "bei ya mita". (Neno lenyewe linasaidia kuficha. Matofali huuzwa kwa mita ya mraba, ukingo hupimwa kwa mita ya urefu, kokoto kwa mita ya ujazo. Fundi akisema "mita" tu, mteja anasikia anachopenda kusikia. Sisi tunaosoma lugha tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza: mita ipi?)

Getini ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kubana matumizi. Ndani ya ua gari huegeshwa tu. Getini hupiga breki, hukata kona, hupanda kutoka barabarani na uzito wake wote. Fundi anayejua kazi yake atashauri tofali la sentimita 8. Pasipo msingi, matairi huchimba mifereji miwili, ukingo huachia, na matofali ya pembeni huanza kucheza kama meno ya mtoto. Kisha unalipia kung'oa, kuchimba na kupanga upya. Rahisi ni ghali, lakini hasara hiyo ni ya mwenye nyumba na mfuko wake. Nisingeandika insha kwa ajili yake.

Ugomvi wangu ni mtaro. Ardhi iliyo kati ya ukuta na lami mara nyingi ni hifadhi ya barabara, mali ya umma, na ndani yake hupita mtaro wa mvua. Anayejenga aproni analazimika kuuvuka. Njia ya uaminifu ni kuweka kalavati lenye uwezo wa mtaro wenyewe. Njia inayopendwa ni kutumbukiza bomba la plastiki la choo, lenye sentimita 15, na kulifukia. Piga hesabu: bomba la sentimita 15 lina nafasi ya moja kwa kumi na sita tu ya kalavati la sentimita 60. Kaveera moja na chupa mbili za soda zikikwama hapo, hata hiyo nafasi haipo. Maji hupanda barabarani, hula ukingo wa lami, na anayetembea kwa miguu hubaki akichagua kati ya kuloa na kugongwa na bodaboda. Wenye nyumba wengine huinua aproni ili maji yasirudi kwao. Wao hukauka, jirani wa chini hupokea.

Tena anayeweka peva nje ya geti mara nyingi ameshaziweka ndani. Ua wa mita za mraba 300 ukinyeshewa mvua ya milimita 40 hupokea lita 12,000, yaani jerikeni 600 za lita 20. Nyasi zingekunywa sehemu ya maji hayo na kuchelewesha nyingine. Peva huyatoa getini ndani ya dakika chache. Kampala ni jiji la vilima: kinachotoka Makerere na Mulago lazima kifike bondeni, na bondeni kuna Kalerwe na Bwaise, ambako watu wamezoea kupandisha magodoro juu ya meza wingu likiwa jeusi. Wanaolala huko hawakuulizwa bei ya mita.

Najua majibu ya wenye nyumba. La kwanza, kwamba bila peva kuna tope na vumbi. Ni kweli, na aproni nzuri humfaa hata mpita njia. Sipingi aproni, napinga aproni ya wizi. La pili, kwamba peva hupitisha maji katikati ya matofali. Hupitisha ikiwa zimejengwa kwa nia hiyo, juu ya kokoto isiyo na vumbi na mianya iliyojazwa vijiwe. Juu ya marramu iliyoshindiliwa, na mianya iliyozibwa na mchanga laini na udongo, maji mengi hupita juu. La tatu ndilo linaloniudhi: kwamba mitaro ni kazi ya serikali. Serikali haikutumbukiza bomba la choo ndani ya mtaro wa umma.

Mamlaka ya jiji ingeweza kudai jambo dogo: kipimo cha kalavati kionekane kabla ya kufukiwa, na gharama yake iandikwe pekee katika makadirio ya fundi. Wenzetu wanaosomea uhandisi hapa chuoni wanaweza kuanza bila kusubiri mamlaka, maana wengi wao hufanya vibarua vya aina hii wakati wa likizo. Mteja akiuliza bei ya mita za mraba 12, mkadirie uchimbaji, kokoto, ukingo na kalavati kwanza, kila kimoja katika mstari wake, na matofali yaje mwisho. Akisema kalavati limezidi uwezo wake, basi aproni imezidi uwezo wake. Amwage kokoto getini, mtaro aache wazi, na gari lipite juu ya vipande viwili vya zege.