INJINI MBILI, DREVA MMOJA

Ndugu wananchi wa Same na Upare wote, reli ipitayo chini ya milima yenu ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929. Mkomazi, Hedaru, Makanya, Same na Lembeni zilipata stesheni, na katani na kahawa zilishuka kwa njia hiyo mpaka bandarini. Leo twataka kusema juu ya injini zenyewe.

Zamani za gari la moshi, mzigo ulipoizidi injini moja, ya pili ilifungwa nayo. Lakini kila injini ilikuwa na dreva wake na mchochea moto wake, nao walisemezana kwa filimbi tu. Mmoja akivuta na mwenzake akilegea, mabehewa yalikokotwa kwa vishindo. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Dizeli ilileta dawa. Ndani yake injini ya mafuta huzungusha jenereta, na umeme wake huenda kwenye mota zinazozungusha magurudumu. Ndipo mafundi wakaweza kuziunganisha injini mbili kwa njia tatu: kulabu huvuta uzito, mpira hupitisha breki, na kebo hupeleka amri. Dreva wa mbele akisogeza mkono wa mashine, zote mbili huitikia pamoja. Akili hiyo aliionyesha Frank Sprague mwaka 1897 kwa treni za umeme za Chicago. Mwaka 1939 General Motors ilitembeza Marekani dizeli ya vipande vinne vilivyofungwa pamoja, yenye nguvu ya farasi 5,400, chini ya dreva mmoja.

Lakini Waingereza walipata funzo jingine. Katika miaka ya 1950 waliagiza dizeli kwa viwanda vingi, na mitindo ya kuziongoza ikawa mingi. Ikawabidi kuzitia alama: hii nyota ya buluu, ile duara jekundu. Injini ya nyota haikuweza kuongozwa pamoja na ya duara. Nguvu ilikuwapo, masikilizano hayakuwapo.

Nasi twaijua hasara ya kutengana. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, injini ziligawanywa, na karakana kuu ikabaki Nairobi. Reli yetu ya kaskazini nayo ilikaa miaka mingi bila treni ya abiria. Ilirudi Moshi Desemba 2019, na Arusha Oktoba 2020.

Kwa hiyo twadai mambo mawili. Kwanza, kila injini inaponunuliwa au kupokewa kwa msaada, iulizwe mapema: je, yaweza kufungwa na kuongozwa pamoja na zile tulizo nazo? Injini ya bei nafuu isiyosikilizana na wenzake ni ghali, maana itataka dreva wake peke yake, na ikiharibika itataka vipuri vyake peke yake.

Pili, mashine ipunguzayo kazi isimtupe mfanyakazi. Dizeli ilimwondolea mchochea moto koleo lake. Haki yake ilikuwa kufundishwa kebo na mota. Haki hiyo hiyo twaitaka kwa vijana wa Same na Mwanga. Kebo ikikatika usiku katikati ya Makanya na Hedaru, fundi asingojewe kutoka mbali, hali mizigo ya wakulima yaoza behewani.