Bima ya Meno Isingojee Mtoto Alie

Mjukuu wangu wa kike alikuwa amebakiza miezi miwili kutimiza miaka minane siku ile alipoamka alfajiri ameshika shavu, na kwa kuwa mama yake alikuwa safarini, mimi ndiye niliyemchukua kumpeleka kwa tabibu wa meno, kadi yake ya bima nimeitia katika mfuko wa kanzu kwa yakini ya mtu ambaye ada zake zote zimelipwa kwa wakati. Tabibu alimlaza, akammulika, akagonga jino moja baada ya jingine kwa mpini wa kioo chake kidogo, kisha akaniita nije nitazame: gego la chini, upande wa kulia, lilikuwa na shimo jeusi katikati ya mabonde yake, shimo ambalo kwa rehema ya Mungu lilikuwa halijafika kwenye moyo wa jino. "Hili lazibika, babu," akasema. Nikaenda dirishani nimefarijika. Kijana aliyeketi pale, mwenye adabu na asiye na taksiri yoyote, alisoma katika kompyuta yake, akainua macho kwa haya: "Samahani mzee wangu. Kung'oa, mkataba unalipa hapa hapa. Kuziba sharti tuombe kibali, na jibu huchukua siku tatu au nne."

Nilisimama pale nimemshika mtoto mkono, naye akinitazama akingoja nitakalosema. Nililipa fedha taslimu, gego likazibwa, na hata leo analitafunia. Lakini tangu siku ile sijaacha kuwafikiria wazee wenzangu waliosimama kwenye dirisha kama lile hawana kitu mfukoni, wakaambiwa kwamba koleo ni bure na dawa ni ya kuombewa ruhusa.

Gego lile, wala sikulijua hilo mpaka nilipoelezwa, halikuwa jino la utotoni. Meno ya utotoni ni 20. Huanza kuota mtoto akiwa na umri wa miezi sita hivi, hukamilika anapokaribia miaka mitatu, nayo hung'oka kwa zamu kati ya miaka 6 na 12, ndiyo maana wengi wetu hudhani kila kilichomo kinywani mwa mtoto wa darasa la kwanza ni cha kupita. Ilhali afikapo miaka 6, nyuma ya meno yote, pasipo jino lolote kung'oka ili kulipisha, huchomoza gego la kwanza la ukubwani, kimya kimya, bila homa wala bishara, na hilo ndilo atakalokwenda nalo uzeeni. Huja na mifereji myembamba juu yake, ambamo mabaki ya biskuti na pipi hujificha mahali ambapo unyoya wa mswaki haufiki. Na hata meno ya utotoni yana haki yake, kwa kuwa kila moja hushikilia nafasi ya mrithi wake. Likitolewa kabla ya wakati, majirani huinamia pengo, na mrithi akija hukuta kiti kimekaliwa.

Kwa hiyo rai yangu kwa mzazi anayechagua bima ya meno ya mwanawe ni moja tu, na mengine yote nitakayoyasema ni matawi ya shina hilo: kabla hajauliza bima italipa kiasi gani mtoto akiumwa, aulize italipa nini mtoto akiwa mzima. Aulize kama inalipia uchunguzi wa kila miezi sita. Kama inalipia kupakwa floridi. Kama inalipia kuzibwa mifereji ya magego mapya kabla hayajatoboka, kazi ya dakika chache isiyo na sindano wala machozi. Na kama jino la mtoto lililokwisha kutoboka laweza kuzibwa siku ile ile lilipoonekana. Mkataba unaonyamaza juu ya mambo haya, hata ukiwa na kikomo cha fedha cha kutia tamaa, umeandikwa kwa ajili ya mtoto anayelia, na mtoto anayelia kwa jino aghalabu amekwisha kuchelewa.

Najua watakalojibu wenye kuuza bima, nami sipendi kuwanyima insafu. Bima ni ushirika, ambamo wazima wengi huwabeba wagonjwa wachache, na siku wazima watakapokaa nje wakangojea kuugua ndipo waingie, jahazi litazama na wote waliomo. Tuliliona hilo katika Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kadi ambayo kwa shilingi 50,400 kwa mwaka ilimfungulia mtoto aliye chini ya miaka 18 milango ya hospitali: mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, hoja ikiwa kwamba wazazi wengi walikuwa wakiwaandikisha watoto waliokwisha kuugua, hata matumizi yakaipita michango. Hiyo ndiyo sababu kampuni za watu binafsi huweka muda wa kungojea, miezi ambayo mzazi hulipa na meno hayaguswi, na sharti hilo siliiti dhuluma. Ila maana yake ni kwamba bima ya meno hununuliwa mtoto akiwa na miaka minne au mitano, ili muda huo uishe kabla gego la kwanza halijachomoza. Anayekwenda kuinunua siku ya uvimbe ananunua karatasi.

Tena hoja hiyo hiyo ya hasara, ukiipeleka kwenye meno, inanitetea mimi. Malaria humwingia mtoto usiku mmoja, na mfupa huvunjika kwa kuteleza mara moja, lakini jino huoza pole pole, kwa miezi na pengine miaka, likitoa ishara kwa kila mwenye taa na kioo. Hakuna maradhi ambayo mlipaji amepewa muhula mrefu kama huu wa kujiokoa. Bima inayokataa kulipia kinga ya jino inajiwekea deni lake yenyewe.

Kisha yapo maneno madogo ndani ya mikataba ambayo mzazi sharti ayasome kwa kidole, neno kwa neno. La kwanza ni kikomo, je, ni cha kila mtu au cha familia nzima? Katika nyumba ya jirani yangu kilikuwa cha familia nzima. Baba alitibiwa mzizi wa jino moja mwezi wa Februari, na shule zilipofungwa mwezi wa Juni, watoto watatu wakapelekwa kuchunguzwa, hapakuwa na senti iliyosalia mpaka mwaka mwingine. La pili ni orodha ya watabibu, maana tabibu bingwa aliye mbali hamfai mtoto anayetakiwa kuonekana mara mbili kwa mwaka. Nyaya za kunyoosha meno, ambazo wazazi wa mijini huziulizia mwanzo kabisa, mikataba mingi haizilipii, na mimi ningeziweka mwisho. Walioko Arusha na pande za Meru, ambako maji mengi yana floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kuwa mpaka, waulize pia kama madoa ya kahawia yanayowatoka watoto wao yatahesabiwa maradhi au urembo, kwa kuwa neno urembo hufunga mlango.

Linalonihuzunisha zaidi ni kwamba njia nyepesi ya kuziba meno ya watoto ilianzia hapa hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, katika kazi za afya ya kinywa zilizofungamana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kukwangua uozo wa jino kwa vyombo vya mkono pekee, bila mashine inayonguruma, bila umeme, na mara nyingi bila ganzi, kisha wakaujaza mwanya kwa saruji ya glasi-ionoma, ambayo hushikamana na jino na kulitolea floridi kidogo kidogo. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo kwa ulimwengu, na mwaka 2021 likaiingiza saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, katika orodha yake ya dawa za lazima. Nimesoma mikataba mitatu ya bima mwaka huu, ukurasa kwa ukurasa. Kung'oa kumo katika yote, na njia hii haikutajwa hata katika mmoja.

Na ziara ya kwanza ya mtoto kwa tabibu, ambayo wataalamu hushauri iwe kabla hajatimiza mwaka, ina faida nyingine isiyoonekana katika hesabu za kampuni. Bado wako akina mama wachanga ambao mtoto akiharisha na kupata homa wakati wa kuota meno huambiwa ana "meno ya plastiki", wakampeleka kwa mtu akampasua ufizi na kuutoa mche wa chonge ambao haujaota, na mtoto huvuja damu, hupata maambukizo, na wengine huharibikiwa na jino la ukubwani lililokuwa chini yake. Mama aliyekwisha kukaa mbele ya tabibu mara moja, akaelezwa kwa upole kile cheupe anachokiona ndani ya ufizi ni nini, huwa na jibu la kumpa shangazi anayemhimiza.

Sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, inayotaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, na wako wanaokaa kupanga kitita cha mafao. Nawaomba wao kama ninavyomwomba mzazi: kuziba jino la mtoto kusihitaji kibali ambacho kung'oa hakukihitaji, na magego ya mtoto wa miaka 6 yahesabiwe kama tunavyohesabu chanjo zake, jambo la kutendwa kwa wakati wake, apende kulia au asilie.

Mjukuu wangu yule ana mdogo wake wa kiume. Juzi, baada ya chakula cha jioni, nilimweka chini ya taa nikamwambia apanue kinywa, nikapitisha kidole nilichokiosha nyuma ya meno yake ya mwisho, nikagusa ncha ngumu inayochungulia kwenye ufizi. Mama yake alibadili mkataba mwaka jana, na muda wa kungojea ulikwisha mwezi uliopita. Tumeandikiwa Jumanne, saa tatu asubuhi.