Krismasi na Mgeni Aliye Mlangoni

Leo Wakristo nchini wanaungana na wenzao ulimwenguni kote kuadhimisha kuzaliwa kwa Yesu Kristo. Hapa Dodoma sikukuu hii huja mwanzoni mwa msimu wa mvua, mkulima wa Ugogo anapopanda mtama na uwele huku akitazama mbingu na ghala lake kwa wasiwasi. Kwa mtu wa namna hiyo, Krismasi haiwezi kuwa pilau na nguo mpya tu.

Injili ya Luka inaanza habari hii kwa amri ya serikali. Kaisari Augusto aliagiza watu waandikishwe, na kwa agizo hilo Yusufu na mkewe mjamzito walisafiri kutoka Nazareti hadi Bethlehemu. Walikuwapo makarani wa kuandika majina. Aliyekosekana ni mtu wa kumpisha mama aliyekaribia kujifungua. Qurani Tukufu nayo, katika sura yenye jina la Maryamu, inamwonyesha akipatwa na uchungu peke yake penye shina la mtende. Waislamu na Wakristo wanatofautiana juu ya Mwana huyo, lakini wote wanafundishwa kumhurumia mama yule.

Uwanda huu wa kati una ushahidi wake. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara, kutoka Ujiji na Tabora kwenda pwani, ilipita Ugogo. Watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita na kutumia maji, nao ulilipwa hadharani kwa nguo na shanga. Katika misafara hiyo walikuwamo binadamu waliofungwa minyororo, na baadhi yao waliishia kwenye soko la watumwa la Unguja, wakapangiwa bei. Aibu ile haikuwa ya bara peke yake wala ya visiwani peke yake. Soko lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, mahali palepale.

Minyororo imekwisha, lakini neno hongo limebaki, tena kwa maana mbaya zaidi. Ushuru wa wazi umekuwa malipo ya siri, na anayedaiwa ni mnyonge anayefuata haki yake.

Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, ambao utekelezaji wake ulipata nguvu kuanzia mwaka 2016, ulikusudia kuisogeza Serikali karibu na wananchi. Hata hivyo, kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba, Dodoma ni mbali kuliko Dar es Salaam. Mwenye shida na ofisi ya Muungano huvuka bahari, kisha bado ana safari ndefu ya bara. Akifika Mtumba na kuambiwa "njoo kesho", kesho hiyo ni nauli na malazi asiyokuwa nayo. Umbali huo utapunguzwa na mtumishi anayempokea mgeni, akamsikiliza na kumpa jibu siku hiyohiyo.

Tunaamini hiyo ndiyo ibada ambayo kila mtumishi wa umma, awe wa dini yoyote, anaweza kuitimiza ofisi zitakapofunguliwa baada ya sikukuu. Aliyefungiwa mlango Bethlehemu hakuwa na cheo wala barua ya utambulisho.

Tunawatakia wasomaji wetu wote, wa bara na wa visiwani, Krismasi ya heri na amani.