Kitanda cha Mgonjwa Si Mimbari

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Muda mfupi baada ya kubarikiwa kuwa mchungaji, niliitwa usiku nyumbani kwa mama mmoja hapa Lusewa. Alikuwa na kisukari na hali yake ilikuwa mbaya. Nilifungua Biblia, nikasoma, nikaomba kwa sauti kubwa, nikaaga. Baadaye binti yake aliniambia kwamba mama aliacha dawa kwa sababu mhubiri mmoja mpita njia alimwambia kumeza vidonge ni kukosa imani. Mama angeniambia hayo usiku ule kama ningemwuliza. Sikumwuliza. Alipona, lakini mguu mmoja ulikatwa.

Chuo cha theolojia kilinifundisha Kigiriki, historia ya Kanisa na namna ya kuhubiri. Kukaa kando ya kitanda na kunyamaza hakikunifundisha. Kwa hiyo nasema wazi, na wachungaji wenzangu waniwie radhi: mtu asibarikiwe kuwa mchungaji kabla hajafunzwa kuhudumia wagonjwa wodini.

Mafunzo hayo yapo, wala si mageni. Mwaka 1925 mchungaji Anton Boisen wa Marekani, ambaye mwenyewe aliwahi kulazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, aliwaingiza wanafunzi wachache wa theolojia katika hospitali ya aina hiyo huko Worcester, Massachusetts. Aliwataka wamsome mgonjwa kwa bidii ileile waliyosomea vitabu. Hapa kwetu mafunzo ya namna hii hutolewa KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za makanisa kupitia Shirika la Msamaria Mwema.

Mwanafunzi huketi na mgonjwa, kisha huandika mazungumzo yao neno kwa neno kadiri anavyokumbuka. Wenzake na mwalimu huyasoma mbele yake. Hapa mgonjwa alitaja hofu ya kufa, wewe ukakimbilia kuomba. Hapa alilia, ukabadilisha habari. Inauma, lakini inafundisha. Lengo si kumfanya mchungaji kuwa daktari. Lengo ni amwone mtu kamili, mwili, akili na roho. Ajue mipaka yake. Na afanye kazi bega kwa bega na daktari na muuguzi.

Wapo wanaosema Roho Mtakatifu anatosha, mafunzo ni ya dunia. Nawauliza: mbona mahubiri mnayaandaa? Bwana wetu mwenyewe alimwuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini, ingawa kila mtu aliona kuwa ni kipofu. Naye Yairo akiwa anasubiri, binti yake yu mahututi, Yesu alisimama njiani akamwacha mwanamke aliyetokwa damu aseme kweli yake yote. Kama Yesu aliuliza na kusikiliza, sisi ni nani hata tujibu kabla ya kuulizwa?

Wengine wanasema hakuna fedha. Lakini fedha za spika na vigae tunazipata.

Tukumbuke mwaka 2011. Maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Wapo waliotoka wodini kwenda huko, na wapo waliofia foleni. Simhukumu marehemu. Najihoji mimi. Watu wale walifuata dawa, lakini naamini walifuata pia mkono wa mchungaji uliompa kila mmoja kikombe chake. Kama mkono huo ungekuwa umewafikia nyumbani, je, wote wangesafiri?

Mwaka 1964 Shirikisho la Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Duniani viliitisha mkutano huko Tübingen, Ujerumani. Waliokutana walikiri kwamba huduma ya uponyaji ni ya usharika wote, si ya hospitali peke yake. Yakobo alikwisha kusema hivyo: mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Basi wazee nao wafunzwe, na wainjilisti, na akina mama wanaotembelea wagonjwa. Mchungaji aliyefunzwa arudi kuwafunza.

Washarika wa Lusewa, katika mkutano mkuu ujao msiulize tu paa litaisha lini. Ulizeni ni nani tunayemtuma kujifunza. Na kabla hajarudi, anzeni na lile lisilohitaji shilingi: mkifika kwa mgonjwa, ketini, mwulizeni anaendeleaje, anatumia dawa gani, anaogopa nini. Msikilizeni mpaka amalize. Kisha ombeni naye. Maombi hayatapungua nguvu kwa kutanguliwa na sikio.