Baba haamini, mtoto kabatizwa: unafiki uko wapi hapo?

Picha moja ya kanisani imemtia matatani jamaa mmoja maarufu wa Dar. Kapiga suti, kambeba binti yake mchanga aliyevaa gauni jeupe, na mchungaji wa Kilutheri ameshachovya mkono kwenye maji. Tatizo ni kwamba huyu ndiye yule yule aliyekuwa akiposti kila Jumapili kuhoji sadaka, miujiza, na hata kama kuna anayesikiliza maombi ya watu. Skrinishoti zikafukuliwa fasta. "Mnafiki." "Kaogopa mama yake." "Kiki tu hiyo."

Jamani, tulieni kidogo.

Kwanza hilo la mama. Mama mwenyewe anaishi Mlalo, kule juu kwenye Milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Wamisionari wa Kijerumani walifika Mlalo mwaka 1891, na Ulutheri umekaa huko vizazi na vizazi. Kwa ukoo kama huo, ubatizo hauanzii kwenye keki na sare. Mtoto anatajwa jina mbele ya watu, na watu wale wanakuwa wake. Siku akiugua au akikosa ada, wanaoitwa ni hao hao. Bibi anayeomba mjukuu asikose hayo anaomba jambo kubwa, asichekwe.

Lakini tuwe wakweli, wanaomsema nao wana hoja. Katika ubatizo wa mtoto mchanga, wazazi na wasimamizi huulizwa maswali na kuahidi kumlea mtoto katika imani. Mtu asiyeamini akiitikia tu ili yaishe, amedanganya mbele ya usharika mzima. Hapo ndipo pa kumbana baba. Maji hayana kosa.

Sasa sikia wanachosema watu wake wa karibu. Wiki kadhaa kabla ya ile picha, jamaa alipanda basi mpaka Mombo, akakata zile kona za Soni, bila kamera wala kuposti chochote. Alipofika akamwambia mama yake, "Mama, mimi bado sijui kama naamini. Sitaki kwenda kusema uongo kule mbele."

Mama akaendelea kumenya viazi, kimya. Baadaye akamjibu, "Mwanangu, sijakuomba uamini. Nimekuomba usimnyime mtoto."

Kesho yake wakaenda kwa mchungaji, na baba akarudia yale yale. Mchungaji hakumfukuza. Alimuuliza swali moja tu: nani atampeleka mtoto Sunday school, nani atasali naye usiku? Mama wa mtoto, ambaye anaamini, akasema ni yeye. Shangazi na rafiki wa familia wakakubali kuwa wasimamizi. Baba akaahidi alichokiweza: hatawazuia, hatamcheka mtoto akisali, na akiulizwa atasema ukweli.

Mnafiki gani anafanya hivyo? Mnafiki huficha. Huyu kasema shaka yake mbele ya watu wawili ambao ilikuwa ngumu zaidi kuwaambia.

Na kwa Walutheri wenyewe, shaka ya baba haiharibu ubatizo wa mtoto. Martin Luther aliandika katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 kwamba ubatizo unasimama juu ya neno la Mungu, hautegemei ukubwa wa imani ya mtu. Mtoto naye zamu yake ipo: kipaimara, baada ya mafundisho, atakapojibu kwa mdomo wake mwenyewe.

Ndugu wa maji mengi watasema angesubiri akue aamue. Ni msimamo wa heshima. Ila kusubiri nako ni kumchagulia, maana mtoto hukua na kile anachokikuta nyumbani. Akishakuwa mtu mzima na akaona siyo, Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inampa uhuru wa kubadili dini au imani yake. Mlango haujafungwa.

Wa kusemwa ni wale wanaokodi drone na kushonesha sare, wanaitikia kila swali bila kusikiliza, halafu mtoto harudi kanisani mpaka siku ya harusi yake. Hao hakuna anayewafukulia skrinishoti.

Kwa jamaa huyu mtihani bado haujaja. Miaka michache mbele, binti atarudi kutoka kwa bibi Mlalo akiwa na nyimbo zote kichwani, wakae mezani, aangalie pembeni aulize, "Baba, mbona wewe hufumbi macho tukisali?"

Mtandao mzima utakuwa umeshasahau ile picha. Jibu atakalotoa pale mezani ndilo litakaloonyesha kama alikuwa mnafiki au la.