Pensheni si Sadaka

Wako wasomaji watakaouliza kwa nini gazeti la chama, lenye mambo chungu nzima ya nyumbani ya kusemea, linatoa ukurasa wake wa maoni juma hili kwa wazee wa Kiingereza. Watasema, "Hao wanatuhusu nini?" Swali hilo ni halali, nasi twaomba subira kidogo tu, mpaka tumewaonyesha ramani.

Serikali ya Uingereza hulipa pensheni ya uzee kwa mtu aliyefanya kazi nchini mwake na kukatwa mshahara kwa ajili ya Bima ya Taifa kwa miaka inayotakiwa. Pensheni hiyo humfuata mwenyewe popote aendapo. Akitaka kumalizia maisha yake Nairobi, Toronto, Paris au Karachi, fedha yake itamfikia huko. Hapo hatuna ugomvi. Ugomvi unaanza mwezi wa Aprili. Kila Aprili pensheni huongezwa ili isiliwe na bei za vitu, na tangu 2011 kanuni ya kawaida ni kwamba nyongeza hufuata kilicho kikubwa kati ya vitu vitatu: kupanda kwa mishahara, kupanda kwa bei, au asilimia 2.5. Nyongeza hiyo humfikia mzee akaaye Uingereza, na akaaye Ufaransa, Uhispania, Ujerumani, Uswisi, Marekani, Israeli, Uturuki na Ufilipino. Haimfikii akaaye Kanada, Australia, New Zealand, Afrika ya Kusini, India, Pakistani, Bangladesh, Nigeria, Ghana, Zambia, Uganda, Kenya wala Tanzania. Pensheni ya huyu wa pili hubaki vilevile ilivyokuwa siku aliyoanza kuipokea huko, au siku aliyohamia, mpaka siku anayozikwa.

Basi rudi uisome orodha ile ya pili. Nchi zote tulizozitaja humo zilipeperushiwa bendera ya Mwingereza. Katika Afrika nzima na visiwa vyake, nchi huru ambayo wazee wake wanapata nyongeza ni moja tu, Mauritius. Kumbe mzee aliyehamia Hispania kuota jua anatunzwa, na aliyemfuata mwanawe Australia, katika ile Jumuiya ya Madola ambayo kila mwaka tunahutubiwa ya kwamba ni jamaa moja, amesahauliwa. Wazee wapatao 450,000 wako katika hali hiyo, na walio wengi wako Australia na Kanada.

Kuna mto uitwao Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada, wenye maporomoko yanayojulikana dunia nzima. Mji wa upande huu unaitwa Niagara Falls na mji wa upande wa pili unaitwa Niagara Falls, na daraja linaunganisha. Wazee wawili waliofanya kazi katika kiwanda kimoja cha Uingereza, wakakatwa fedha sawasawa kwa miaka ileile, wanaweza kukaa mmoja huku na mmoja kule, kila mmoja akiuona moshi wa maji uleule. Wa Marekani ataongezewa kila Aprili, wa Kanada hataongezewa hata senti. Tena Kanada ndiyo ambayo mpaka leo mkuu wa dola yake ni Mfalme wa Uingereza! Mtu akituambia kanuni hii imetengenezwa kwa kupima gharama za maisha, tutamwomba atusomee bei za mkate za pande mbili za daraja lile.

Tuseme kwa hesabu, maana hesabu haina chuki. Bibi Annette Carson alifanya kazi Uingereza, akahamia Afrika ya Kusini mwaka 1989, na hata alipokuwa huko aliendelea kulipa michango kwa hiari yake. Mwaka 2000 akaanza kupewa pensheni ya msingi iliyo kamili, pauni 67.50 kwa juma. Ikasimama hapo. Kuanzia Aprili 2025 pensheni hiyohiyo ya msingi, kwa mtu aliyeko Uingereza, ilikuwa pauni 176.45. Kwa hiyo mtu aliyeanza mwaka 2000 akagandishwa alikuwa akipungukiwa pauni 108.95 kila juma, yaani zaidi ya pauni 5,600 kwa mwaka mmoja. Katika kila pauni ambayo mwenzake aliipata, yeye alipata senti 38. Na kadiri mtu anavyozidi kuzeeka, na dawa zinavyozidi, na macho yanavyopungua, ndivyo pengo linavyopanuka. Anayeishi sana ndiye anayeadhibiwa sana.

Liko jambo moja ambalo lingekuwa la kuchekesha kama lisingewahusu wazee. Mzee huyo akipanda ndege kwenda London kuwatembelea wajukuu, kwa majuma atakayokuwa huko anaweza kudai pensheni yake ipandishwe mpaka kiwango cha sasa. Akirudi kwake, inashushwa tena palepale pa zamani. Mtu ni yuleyule na michango ni ileile.

Bibi Carson alikwenda mahakamani. Hatutaficha matokeo, kwa sababu gazeti hili halijengi hoja kwa kuficha. Alishindwa. Mwaka 2005 Baraza la Malodi, lililokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilimkatalia kwa majaji wanne dhidi ya mmoja. Akaenda na wenzake kumi na wawili mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mjini Strasbourg, na mwezi wa Machi 2010 wakashindwa kwa majaji kumi na mmoja dhidi ya sita. Majaji walisema ya kwamba michango ya Bima ya Taifa si akiba iliyowekwa kibindoni kwa jina la mtu. Ni sehemu ya mpango mzima wa kodi na matunzo ya wananchi walioko Uingereza, na mtu aliyeondoka hawezi kujilinganisha na aliyebaki. Malodi wakaongeza ya kwamba kugawa fedha za umma ni kazi ya Bunge.

Hoja hiyo ina uzito, wala hatuidharau. Ni kweli hakuna sanduku lenye jina la Bibi Carson. Fedha aliyokatwa miaka ile ilikwenda kuwalipa wazee wa miaka ile. Lakini mzee aliyeko Hispania naye ameondoka. Naye halipi kodi ya bidhaa katika maduka ya Manchester. Mbona yeye anaongezewa? Jibu la serikali ni kwamba iko mikataba, na kwamba huongeza pale tu sheria inapoilazimisha. Hapo ndipo tunapokataa. Mkataba ni karatasi inayoandikwa na watu wawili, na mmoja wa watu hao ni serikali hiyohiyo inayolalamika kwamba haina mkataba! Australia ilikuwa na mkataba nao wa mambo ya bima ya jamii tangu 1953, usiohusu nyongeza. Ilipochoka kukataliwa nyongeza ikauvunja kuanzia Machi 2001. Na Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya, ilikaa mezani mwaka 2020 ikahakikisha katika mapatano mapya ya Desemba kwamba wazee wake walioko Ulaya wataendelea kuongezewa. Kalamu ilipatikana, na fedha ilipatikana.

Tena karani wa mshahara alipokuwa akimkata kijana wa kiwandani, hakumwuliza, "Bwana, utazeekea wapi?" Angalimwuliza, na angalimwambia ukweli, pengine kijana yule angalitaka akatwe kidogo. Ndiyo maana twasema pensheni ni sehemu ya ujira iliyocheleweshwa, na mwenye ujira hapigiwi magoti.

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo, hao wanatuhusu nini. Waliogandishwa si wazee wa Kizungu peke yao. Tangu meli ya Empire Windrush ilipotia nanga Tilbury mwaka 1948, Uingereza imejengwa upya kwa mikono ya watu waliotoka makoloni: manesi, makondakta wa mabasi, wafagiaji wa hospitali, wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Wengi walikwenda kwa nia ya kurudi. Aliyerudi Jamaika au Barbados anaongezewa, maana mkataba upo. Aliyerudi Trinidad, Guyana au Saint Lucia haongezewi. Walisukuma machela moja, wodi moja, usiku mmoja.

Nasi tumo. Mwezi wa Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kupeleka manesi wa Kenya katika hospitali za Uingereza, na hata bila mapatano hayo vijana wetu wa Afrika Mashariki wamekuwa wakienda huko miaka mingi. Kila mmoja wao anayeajiriwa anakatwa Bima ya Taifa kama Mwingereza. Akitimiza miaka 10 ya michango ameingia katika pensheni. Akitimiza 35 ataipata nzima. Tumfikirie nesi aendaye leo na umri wa miaka 30, akafanya kazi miaka 25, akarudi Kisumu au Moshi kukaa karibu na watu wake. Umri wa kupokea, ambao ulikuwa 66, umepangwa kufika 67 ifikapo 2028. Siku akiufikia ataanza kwa kiwango cha siku hiyo, nacho kitakuwa kizuri. Lakini kama mambo yatabaki kama yalivyo, hicho ndicho atakachokufa nacho, hata akiishi miaka 95. Mwenzake wa wodini aliyerudi Ureno atakuwa anapanda kila mwaka. Je, waliotia sahihi kwa niaba yetu walimweleza dada yule jambo hilo kabla hajafunga sanduku?

Wazee wetu wanaokumbuka mwaka 1968 watatabasamu hapa. Mwaka huo Serikali ya Tanzania ilikataa kuendelea kulipa pensheni za maofisa wa Kiingereza kwa utumishi wao wa kabla ya Uhuru. Ilisema, kwa maneno mengine, kwamba aliyewaajiri watu hao watutawale ndiye awalipe. London iliona huko ni kuvunja ahadi, ikatukatia misaada. Miaka mitano baadaye, kwa sheria ya 1973, Uingereza yenyewe ikafungua njia ya kuubeba mzigo wa pensheni za namna hiyo. Sisi hatulalamikii kulipwa kwa maofisa wale. Mtu aliyeahidiwa alipwe, hata kama kazi yake ilikuwa kututoza kodi ya kichwa. Tunachosema ni kwamba London ilijua wakati ule, na ilijua kwa ukali, kwamba pensheni ni deni lisilofutwa na mpaka. Na mpaka leo mstaafu wa utumishi wa serikali ya Uingereza huongezewa pensheni yake ya utumishi hata akiishi Mombasa. Ni ile pensheni ya uzee tu, ile ya kila mtu, ya fundi na mfagiaji, inayoganda akivuka bahari.

Gharama? Hesabu zilizotajwa na serikali yao zimepanda miaka hii kutoka pauni milioni mia sita na kitu kwa mwaka mpaka kukaribia bilioni moja. Si fedha kidogo. Lakini pensheni zao zote pamoja zinakula zaidi ya pauni bilioni 130 kwa mwaka, kwa hiyo tunazungumza juu ya kitu kisichofika hata moja katika mia. Wazee wenyewe wamekwisha kupendekeza njia ya wastani: pensheni zianze kuongezwa kuanzia hapo zilipo, bila kulipwa malimbikizo ya nyuma. Kwa maoni yetu huko ni kusamehe mno. Hata hivyo tunaiunga mkono, kwa kuwa watu wa miaka 85 na 90 hawana muda wa kungojea haki iliyokamilika.

Wala tusijifanye watakatifu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wake wa reli, bandari, posta na ndege walihangaikia malipo yao kwa miaka na miaka. Kwa upande wa Tanzania mapatano ya mahakamani yalipatikana mwaka 2005 tu, na hata baada ya hapo manung'uniko hayakwisha. Wengine walikwisha kufa. Anayetaka kumfundisha Mwingereza heshima ya mstaafu aanze kwa kuyajua hayo.

Wabunge wetu wawaulize mawaziri wa kazi na wa mambo ya nje swali moja: katika kila mapatano ya kupeleka wafanyakazi Uingereza, kipo au hakipo kifungu cha nyongeza ya pensheni kwa atakayerudi nyumbani? Kama hakipo, kiandikwe kabla kundi jingine la manesi halijapanda ndege, kwa kuwa anayehitaji manesi leo ni London, na mwenye shida ndiye husikiliza. Na kwa kuwa mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola wa mwaka 2026 umepewa Antigua na Barbuda, visiwa ambavyo wazee wake waliotumikia Uingereza nao wamegandishwa, wajumbe wa Afrika Mashariki waliweke jambo hili katika ajenda ya hukohuko, mbele ya Waziri Mkuu wa Uingereza, na wazee wenyewe waruhusiwe kuingia ukumbini kusikiliza jibu.