Sinema Sebuleni, Ngoma Chumbani kwa Jirani

Siku hizi kijana akipata kazi na kupanga flati yake ya kwanza mjini, haupiti muda mrefu baada ya kitanda na jiko la gesi kabla hajaleta ile seti ya spika tano na sabufa moja ambayo madukani huitwa homu thieta. Sina ugomvi na sinema. Ugomvi wangu ni na sabufa ndani ya ghorofa, na hoja yangu ni moja tu: chombo hicho hakifai katika nyumba ambayo sakafu yako ni dari ya mtu mwingine, na muungwana anayeishi humo hana budi kukiacha dukani.

Tuanze na asili ya kitu chenyewe. Watu wa rika langu tulitazama filamu katika majumba kama Avalon na Empire ya Dar es Salaam. Televisheni ya rangi ilikuwapo Zanzibar tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994. Kwa hiyo kwenda sinema ilikuwa safari. Ukumbi ulijengwa kwa kazi hiyo, onyesho lilikuwa na saa yake, na kila aliyeketi mle alikuwa amekata tiketi. Anayenunua homu thieta ameuziwa sauti ya ukumbi bila ukumbi wenyewe. Ukumbi atautoa wapi? Atautoa kwa majirani, ambao hawakukata tiketi.

Sauti ni mtetemo. Spika tano za seti hubeba maneno, muziki na vishindo. Ya sita, yaani sabufa, imepewa sauti nene tu, zenye mitetemo kuanzia 20 hadi 120 hivi kwa sekunde. Sauti nyembamba ikigonga ukuta wa tofali la inchi 6, sehemu kubwa hurudi ilikotoka. Sauti nene huutikisa ukuta wenyewe, na ukuta ukitikisika huwa nao ni spika kwa aliye upande wa pili. Asiyeamini na akumbuke harusi ya mtaa wa tatu: maneno ya wimbo hayamfikii, tarumbeta hazimfikii, lakini besi inamfikia hadi kitandani.

Muuzaji atakwambia uweke kipande cha godoro chini ya sabufa na ubandike trei za mayai ukutani. Godoro hupunguza mtetemo unaoshuka kwenye zege, lakini haliuzuii ule unaopita hewani. Mapazia na zulia hupunguza mwangwi ndani ya sebule yako. Kuzuia besi kwa pazia ni sawa na kuzuia mafuriko kwa chandarua. Na trei za mayai kazi yake ni kubeba mayai.

Kisha tazama maandishi ya kwenye boksi. Utaona wati 5,000, pengine wati 10,000, kwa herufi za dhahabu. Hesabu ndogo ya fizikia ya sekondari yatosha hapa. Plagi ya nyumbani ina fyuzi ya ampia 13, na umeme wetu ni volti 230. Zidisha, utapata wati 2,990. Hizo 10,000 zinatoka wapi? Geuza chombo usome kibandiko cha nyuma, na usishangae ukikuta kinatumia wati 60 au 100. Na hata kama zingekuwa za kweli, nguvu ikiongezwa maradufu sauti hupanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huihisi kidogo sana. Ili isikike imekuwa kubwa mara mbili, yahitajika nguvu mara 10 hivi. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Nasi tunalinunua debe kwa mshahara wa miezi miwili.

Wapo watakaosema kwamba mzee huyu anakuza jambo dogo. Katika jengo ninaloishi, binti wa kidato cha nne alimaliza maandalizi ya mtihani wake akiwa ameketi kwenye ngazi, chini ya taa ya korido, kwa kuwa meza yake iliegemea ukuta wa sebule yenye sabufa. Mama yake alikwenda kubisha hodi mara mbili. Mara ya kwanza aliombwa radhi. Mara ya pili hodi yake haikusikika. Yupo pia muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, mzazi aliyejifungua juzi, na mzee mwenye shinikizo la damu. Hawa hawapigi kelele, na ndiyo maana hawahesabiwi.

Utetezi wa kwanza ninaousikia ni huu: "Nimelipa kodi yangu, nyumba ni yangu." Umelipia chumba, ndugu yangu, hukulipia zege. Hata sheria yetu ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inatambua kwamba ndani ya jengo moja kuna kilicho chako na kilicho cha wote. Utetezi wa pili husema mji mzima una kelele, baa ziko kila kona, na sabufa moja haiongezi kitu. Lakini gari likipiga honi limepita. Besi ya jirani haipiti, imo ndani ya mto wa kulalia. Isitoshe, anayetoa hoja hiyo huwa wa kwanza kulaani baa iliyofunguliwa mbele ya dirisha lake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Utetezi wa tatu una uzito zaidi: kwamba sinema bila besi ni chakula bila chumvi. Nakubali kwamba besi hunogesha. Lakini chumvi mtu hutia katika sahani yake, si katika chungu cha jirani.

Aidha, tujiulize kwa nini watu hupandisha sauti. Mara nyingi ni kwa sababu hawasikii maneno, nayo besi hupanda pamoja na maneno hayo. Katika filamu, mazungumzo kwa sehemu kubwa hutoka katika spika ya katikati, ambayo wengi huifukia ndani ya kabati. Itoe, uiweke karibu na televisheni, ielekee masikioni. Spika za kushoto na kulia ziwe usawa wa masikio ya aliyeketi, na pamoja na kochi lako zifanye pembetatu ya pande sawa: zikiachana mita 2, nawe keti mita 2 kutoka kila moja. Amplifaya nyingi zina mpangilio wa usiku unaopunguza tofauti kati ya mnong'ono na bomu, uwashe. Chuoni tuliwafundisha walimu wanafunzi kwamba darasa husikia kwa sababu maneno yametamkwa wazi, wala si kwa sababu mwalimu amefoka. Sebule nayo ni hivyo hivyo.

Tunazo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, na ni vema zikawapo. Lakini sheria huja baada ya ugomvi, na watu waliofikishana kwa afisa hawaazimani tena chumvi wala kuangaliziana watoto.

Kwa hiyo, kijana, kabla hujafungua boksi, panda na ushuke ngazi. Jitambulishe kwa jirani wa juu, wa chini na wa ubavuni. Waombe ruhusa, uwashe filamu, umwache mwenzako sebuleni, nawe uingie katika chumba chao cha kulala usikilize. Mwenzako apunguze sauti mpaka usisikie kitu, kisha aandike namba inayoonekana kwenye kioo cha chombo. Hiyo ndiyo namba yako ya mwisho kila siku baada ya saa tatu usiku. Na kama tayari unayo sabufa, chomoa waya wake, uipeleke kwa ndugu yako mwenye nyumba ya peke yake shambani.